Nikopesheni Sweta

Mimi mdomo wangu hauna breki, na hilo nalisema mapema nisije nikaonekana nimeficha kitu. Hata mama, ambaye hunitetea kwa kila jambo, akisikia nimegombana na mtu huuliza kwanza nilisema nini, ndipo aulize nilifanywa nini.

Kazi yangu ni kupima hali ya hewa. Kituo chetu ni kiwanja cha nyasi zilizofyekwa, kimezungushiwa waya, na katikati kuna kibanda cheupe cha mbao chenye miguu mirefu. Kuta zake ni vipande vya mbao vilivyolazwa mshazari ili upepo upite na jua lisiingie. Humo ndani ndimo vilimo vipimajoto vyangu. Saa tatu kamili asubuhi nafungua kamlango, nasoma, naandika kwenye daftari. Saa tisa alasiri nasoma tena. Pale kituoni kuna madaftari ya miaka thelathini na moja, na kumi na tisa ya mwisho ni mwandiko wangu. Mtaani wananiita Dada Nyuzi, kwa sababu ya nyuzi joto. Mdogo wangu, ambaye ni mshonaji, akisikia hivyo hucheka na kusema nyuzi za kweli ni zake.

Mdogo wangu anashona sare za shule kwenye kiwanda kilicho mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Kukiita kiwanda ni heshima tu. Ni bohari la zamani, bati juu, saruji chini, vyerehani arobaini katikati na meza nne za kupigia pasi za mvuke ukutani. Hakuna dari. Jua likisimama utosini, bati lile linashusha joto mpaka wanawake wanavua viatu wakanyage saruji. Katika miezi minne ya joto kila mwaka ilikuwa lazima mtu azimie, mmoja au wawili, wamwagiwe maji na kurudishwa kwenye mashine.

Mwaka huo wafanyakazi walimchagua mdogo wangu kuwa katibu wao. Akaja kituoni Jumapili mbili mfululizo, tukakaa sakafuni na madaftari, tukahesabu siku zote zilizofika nyuzi thelathini na tano au kupita. Miaka kumi ya kwanza zilikuwa kama siku kumi na mbili kwa mwaka. Miaka kumi ya mwisho zilikuwa arobaini na moja. Alizitazama zile namba mbili, akazipigia mstari.

"Kumbe si mimi ninayezeeka," alisema.

Aliandika barua ya kurasa mbili kwa mwenye kiwanda. Waliomba mambo matatu: dari chini ya bati, mapangaboi sita, na katika miezi ile minne kazi ianze saa kumi na mbili asubuhi iishe saa nane mchana. Mwenye kiwanda wanamwita Bosi Tai, kwa kuwa hufunga tai hata siku ambayo wenzake wote wamefungua vifungo. Si mtu mkali. Aliisoma barua mbele yao, akauliza zile namba zimetoka wapi, akaambiwa zimetoka kituoni, kwa dada yake katibu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Wiki iliyofuata fundi wa dari akaja na futi yake, akapima, akachora alama za chaki ukutani. Mdogo wangu alirudi nyumbani siku hiyo akiimba. Mama akamwambia apunguze, majirani watadhani kaposwa.

Sasa niseme nililolifanya.

Nina mazoea, nikishaandika kipimo cha asubuhi, kukipiga picha na kukirusha kwenye kundi la simu la mtaa wetu. Watu wanapenda. Wanajua kama waanike nguo au wasubiri, na wengine wanapata la kubishania. Jumatatu moja, katikati ya majira ya baridi, nilifungua kamlango nikakuta kipimajoto cha usiku kimeshuka hadi nyuzi saba nukta nne. Nyuzi saba! Katika miaka yangu yote kumi na tisa sikuwahi kuandika namba ndogo namna hiyo. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, lakini moyoni nilifurahi kitoto, maana mpimaji gani asiyependa kuandika namba mpya? Nikajipiga picha nimevaa kofia ya kazi, kibao cha kituo nyuma yangu, kipimajoto mkononi. Chini yake nikaandika: "Nyuzi 7.4! Nyie watu wa joto la dunia mko wapi? Nikopesheni sweta!"

Mtaani walicheka. Mama alicheka. Nikarudi ndani nikanywa chai.

Kufika jioni, picha ilikuwa imetoka kwenye kundi letu. Nani aliitoa sijui mpaka leo. Mtu mmoja mwenye wafuasi wengi, asiyenijua wala nisiyemjua, aliiweka kwenye ukurasa wake na kichwa cha habari: "MPIMAJI WA HALI YA HEWA AVUNJA UKIMYA." Ukimya gani? Mimi sijawahi kunyamaza tangu nizaliwe. Chini yake watu walimiminika. Mmoja aliandika kwamba siku zote alijua joto la dunia ni biashara ya watu. Mwingine akasema mwaka jana walituambia tunaungua, mwaka huu tunaganda, waamue basi. Mwingine aliniita shujaa. Upande wa pili nao hawakuwa nyuma kwa kuchanganya mambo: bwana mmoja alikuja juu kwamba baridi hii ndiyo mabadiliko ya tabianchi yenyewe, na ushahidi ni mimi ninavyotetemeka kwenye picha. Nilisoma nikitamani kuingia ndani ya simu nimzabe mtu kibao, lakini nilikuwa sijui nianze na nani.

Niliandika masahihisho. Niliyaandika vizuri, kwa adabu, na ilinichukua saa nzima, maana adabu si fani yangu. Nilisema ule ulikuwa utani. Nikasema hali ya hewa ni siku, tabianchi ni miaka. Asubuhi moja ya baridi haivunji hesabu ya miaka thelathini, kama vile siku moja ya joto isivyoijenga. Nikamalizia: "Siku moja haithibitishi chochote." Picha ya sweta ilikuwa imepita mikononi mwa watu elfu sitini. Masahihisho yalipendwa na watu kumi na mmoja, mmoja wao mimi mwenyewe, na mwingine mama, ambaye hupenda kila kitu.

Siku ya Alhamisi mdogo wangu alirudi kazini mapema kuliko kawaida. Nilikuwa uani nafua. Hakuniamkia. Alisimama mlangoni, mkoba ungali begani.

"Ametoa nakala," alisema. "Ya rangi. Ameibandika ubaoni, pale pale tunaposainia kuingia."

"Nakala ya nini?"

"Yako, dada. Na sweta yako."

Nikaacha kufua. Akaniambia fundi wa dari alikuwa amefika na mbao za kwanza, Bosi Tai akamwambia azirudishe, wasubiri kwanza waone. Akaniambia wapo wafanyakazi waliocheka waliposoma ule ubao, na baada ya kucheka wakamgeukia yeye kumuuliza kama barua nayo ilikuwa utani.

"Nitaenda nizungumze naye," nilisema.

"Ungeniambia mapema. Niache namba zako, niandike barua kwa utani wako. Ungesomwa haraka."

Aliingia ndani akafunga mlango wa chumba chetu. Nina miaka tisa zaidi yake. Nimembeba mgongoni, nimemfundisha kuhesabu kwa vifungo vya nguo. Hajawahi kunifungia mlango. Niliendelea kufua ile shuka moja mpaka mama akaja kuninyang'anya.

Kesho yake nilikwenda kiwandani na madaftari manne kwapani. Bosi Tai alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaagiza maji. Nikamfungulia kurasa, nikamweleza kama nilivyoeleza mtandaoni, polepole zaidi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mimi si msomi," alisema. "Nimeona picha yako, kofia yako ya kazi, kibao cha ofisi yako na maneno yako mwenyewe. Leo unaniletea maneno mengine. Nimwamini nani, wewe wa Jumatatu au wewe wa leo?"

"Wa Jumatatu alikuwa anatania."

"Na mimi nitajuaje kama wa leo hatanii?"

Hakuwa ananikejeli, na hilo ndilo lililonikata maini. Aliuliza kwa dhati kabisa. Dari ni kazi ya pesa nyingi na alikuwa akitafuta kisababu cha kuiahirisha. Mimi nilikuwa nimemletea kisababu chenye picha. Niliomba angalau anipe ile nakala ya ubaoni. Akasema ni mali ya ofisi.

Baridi ikapita. Mdogo wangu alianza kuzungumza nami tena, lakini kwa mambo ya lazima: chumvi imekwisha, mama anakuita. Niliacha kurusha picha kwenye kundi. Watu waliuliza Dada Nyuzi kapatwa na nini, wengine wakasema nimenunuliwa. Na kila nilipofungua kile kibanda cheupe niliona namba zinapanda, nikaziandika, nikarudi ndani bila kumwambia mtu.

Mwezi wa kwanza wa joto ulianza na thelathini na nne. Halafu thelathini na sita. Wiki ya tatu tukapata siku sita mfululizo zilizopita thelathini na saba, na siku ya sita, nilipofungua kibanda saa tisa alasiri, nilisoma thelathini na nane nukta sita. Nilikuwa bado nimeshika kalamu mama aliponipigia simu. Hakusema jambo la maana. Alilitaja jina la mdogo wangu tu, mara tatu.

Ilikuwa hivi. Mama mpiga pasi, mkongwe kuliko wote mle kiwandani, mwanamke aliyekuwapo tangu siku ya kwanza, alizimia akiwa wima. Pasi ya mvuke alikuwa ameishika. Mdogo wangu, ambaye cherehani chake kiko karibu na meza ile, aliruka kumdaka asiangukie pembe ya meza. Alimdaka. Pasi ikamwangukia yeye kwenye mgongo wa kiganja cha kulia, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imemshika yule mama, hakuwa na wa kuiondolea.

Hospitali walimfunga bendeji mpaka kwenye kiwiko. Daktari alisema ngozi itarudi. Vidole viwili, cha kati na cha pete, alisema tungoje, huenda visikunjike tena kama zamani. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa habari ya kushukuru Mungu. Mshonaji huongoza kitambaa kwa vidole hivyo hivyo. Mdogo wangu alisikiliza, akauliza swali moja tu, kama ataweza kushika mkasi. Daktari akarudia kusema tungoje.

Mtandaoni wakaipata habari siku hiyo hiyo. Walewale. Mmoja akaandika: "Joto la dunia limemuunguza mshonaji, bado mnabisha?" Na chini yake, safari hii, masahihisho yangu yakafufuka. Yale ya watu kumi na mmoja! Mtu aliyafukua, akayapiga picha, akayabandika: "Mtaalamu mwenyewe kasema, siku moja haithibitishi chochote." Yakasambaa kama moto. Niliisoma sentensi yangu mara nyingi kutafuta kosa ndani yake. Haikuwa na kosa.

Baada ya siku nane afisa wa kazi alikuja kiwandani kuchunguza ajali. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye faili la kijani, mpole, amechoka. Tulikaa kwenye chumba cha kukatia vitambaa: yeye, Bosi Tai, mama mpiga pasi, mdogo wangu na bendeji yake, na wafanyakazi waliojazana mlangoni. Mimi niliitwa kama shahidi. Nilikuwa nimebeba madaftari kumi, na jasho lilikuwa linadondokea majalada. Afisa alijipepea kwa fomu aliyokuja kuijaza.

Mdogo wangu alieleza barua, namba, fundi wa dari na alama za chaki, ambazo zilikuwa bado zinaonekana ukutani. Akasema mwajiri alionywa miezi mitano kabla, akakaidi. Alizungumza vizuri, kwa sauti tulivu, na nilijikuta namwonea fahari. Kama lingethibitika lile neno, kwamba joto lile lilitarajiwa na lingerudi, afisa alikuwa na uwezo wa kuamuru dari iwekwe na saa za kazi zibadilishwe. Kama sivyo, ilikuwa ajali tu, na ajali hulipiwa dawa basi.

Bosi Tai alisimama, akarekebisha tai.

"Mimi namsikitikia sana binti huyu," alisema. "Matibabu nimelipa. Lakini siku ile ilikuwa siku ya ajabu, haijawahi kutokea. Mungu ndiye mwenye jua. Na hata mtaalamu wetu aliyeko hapa ameandika mwenyewe." Akatoa karatasi. Ilikuwa nakala nyingine ya rangi, safari hii ya masahihisho yangu.

Afisa akaisoma, akanigeukia. "Haya ni maneno yako?"

"Ndiyo."

"Ni ya kweli, au nayo ulikuwa unatania?"

Mlangoni mtu alicheka kidogo, akanyamazishwa.

"Ni ya kweli," nilisema. "Lakini ukitazama miaka yote..."

"Nitakufikia. Nijibu hili kwanza. Tarehe ile, joto la siku ile moja, unaweza kuniambia kwamba lilitokana na mabadiliko ya tabianchi? Ndiyo au hapana."

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ananitazama na macho yake yalikuwa yanasema jambo moja, wala halikuhitaji tafsiri. Sema ndiyo. Neno moja, dada. Ulishawahi kusema neno moja lisilo la kweli bure, kwa kuchekesha watu. Sema hili kwa ajili yangu. Na walahi nililitaka. Lilikuwa limefika kwenye meno. Nani angenibishia? Lakini madaftari kumi yalikuwa magotini pangu, na nilijua nikidanganya kuhusu siku moja tu, Bosi Tai atakuwa na karatasi ya tatu ya kubandika, na safari hii itafuta kurasa zote.

"Siku moja, hapana," nilisema. "Hakuna mpimaji anayeweza. Lakini siku za namna ile zilikuwa kumi na mbili kwa mwaka, sasa ni arobaini na moja. Ile haikuwa ya ajabu. Ilikuwa inajulikana inakuja, hatukujua tarehe tu. Hapa yameandikwa yote, naomba uyatazame."

Nikaweka madaftari mezani, juu ya vitambaa. Afisa alifungua la kwanza, akageuza kurasa mbili tatu kwa heshima, akalifunga. Alinionesha fomu yake.

"Dada, nakuelewa," alisema, na naamini alinielewa. "Lakini hii ni fomu ya ajali. Tazama. Tarehe ya tukio. Nafasi ni ya tarehe moja. Haya mengine uyaandikie barua makao makuu, wana kitengo chake."

Nimeandika namba ngapi maishani mwangu kwenye nafasi za tarehe moja moja? Nikayakusanya madaftari yangu. Afisa aliandika, akasoma kwa sauti alichoandika: ajali iliyotokana na hali ya hewa isiyo ya kawaida, mwajiri anashauriwa kuweka maji ya kunywa karibu na wapiga pasi. Bosi Tai akasema pipa litakuja kesho. Alisema na jambo jingine, kwa upole ule ule, kwamba nafasi ya mshonaji haiwezi kukaa wazi msimu wa sare, atamtafuta mtu, na mdogo wangu akipona wataona. Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa. Wafanyakazi wakarudi kwenye mashine zao mmoja mmoja, vyerehani vikaanza kulia.

Nilimkuta mdogo wangu nje, kwenye kakivuli kembamba kando ya ukuta, amesimama na mama mpiga pasi. Kitambaa chake cha kichwani kilikuwa kimefunguka na kuning'inia begani, naye alikuwa anajaribu kukirudisha kwa mkono wa kushoto.

"Barua ya makao makuu naiandika leo," nilimwambia. "Naanza leo hii. Nitaipeleka mwenyewe."

"Andika."

"Nisingeweza kusema ndiyo. Unanijua."

"Nakujua." Hakuwa na hasira, na ningeipenda hasira. "Ulipotania walikuamini. Uliposema kweli wakakuamini. Kote huko aliyelipa ni mimi niliyekuja na barua."

Kitambaa kikamponyoka tena. Nikanyoosha mikono nimfunge, kama nilivyomfunga tangu akiwa hajui kusimama. Alirudi nyuma hatua moja. Akamgeukia mama mpiga pasi, akainamisha kichwa mbele yake, na yule mama akamfunga taratibu, akichomeka ncha moja baada ya nyingine, bila kunitazama.